Mwaka Tuliosoma Chuo Kimoja, Mimi na Wewe

Mwanangu Rehema,

Najua huko Calgary theluji imeshaanza. Hapa Toronto, mtaani kwetu Agincourt, bado ni mvua tu. Nimetoka kazini nikakaa kitini na viatu vyangu miguuni, sina nguvu ya kuvivua, nikakukumbuka.

Unakumbuka siku nilipokuambia nimepata nafasi chuo kikuu? Ulikuwa unaosha vyombo. Nilikuwa nimemaliza stashahada ya ustawi wa jamii kwenye chuo cha kati, nasoma huku nahudumia wazee kwenye makao ya kuwatunzia, na miaka arobaini na tano nilikuwa nimeshaivuka. Ulinikumbatia na mikono yenye povu. Kisha nikakutajia chuo chenyewe, mikono ikashuka.

“Mama, hicho ni chuo changu,” ulisema kwa Kiingereza, kama kawaida yako.

“Najua. Ndicho kilichoyakubali masomo yangu.”

“Vyuo vyote vya Toronto hii?”

Vingine vilitaka nianze upya mwaka wa kwanza. Hicho kilinipokea mwaka wa pili, nawe ulikuwa wa tatu. Sikuwa na miaka ya kuchezea. Ulisugua sufuria mpaka ikang’aa, halafu ukaniomba jambo moja tu: tukikutana huko nisikuite Bibi. Nimekuita hivyo tangu uchanga, kwa kuwa umebeba jina la mama yangu. Nikakubali, wala sikukasirika. Nami nikiwa msichana nilimwonea haya mama yangu kwa sababu ya kanga tu, siku alipokuja shuleni.

Basi tukawa tunatoka mlango mmoja, tunapanda basi moja, wewe nyuma, mimi mbele karibu na dereva. Tukishuka unatangulia. Siku ya kwanza binti mmoja aliniita profesa akaniuliza kama amechelewa. Alipojua kwamba mimi ni mwanafunzi mwenzake, alihamia safu nyingine. Tukiambiwa tuunde vikundi, vijana walikuwa wameshageukiana kabla sijavaa miwani yangu. Sikukusimulia hayo. Ungefanya nini?

Muhula uliofuata tukajikuta kwenye ukumbi mmoja, somo la takwimu, ambalo wewe ulikuwa umelikwepa tangu mwaka wa kwanza. Ulikaa juu kabisa na rafiki zako. Mimi nilikaa chini, mbele, kwa sababu ya macho yangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimetoka zamu ya usiku nikaja darasani moja kwa moja. Mhadhiri alipoanza kuchora mchoro wake wa pili, kilichofuata sikikumbuki. Nilipofumbua macho ukumbi ulikuwa mtupu, nimefunikwa skafu yako, nawe umekaa pembeni yangu unakula chapati zangu.

“Darasa limekwisha?”

“Zamani.”

“Mbona hukuniamsha?”

“Ulikuwa unakoroma, Mama. Watu walianza kucheka. Nikashuka.” Ulikuwa unasema Kiswahili, kile chako cha kuokoteza, neno moja moja. “Nimewaambia huyu ni mama yangu. Anafanya kazi usiku.”

Nilitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Ukanisogezea chapati iliyobaki. “Kula kwanza,” ulisema. “Halafu mimi nitakufundisha.”

Ukanifundisha, tena kwa ukali. Mpaka muhula unakwisha ulikaa nami mbele, na rafiki yako mmoja akahamia huko pia. Ulifaulu vizuri. Mimi nilipenya tu.

Kisha ukahitimu, ukapata kazi huko mbali. Mimi nilibaki na masomo mawili kila muhula, kwani zaidi ya hapo mwili ulikataa. Ulipoondoka, ngazi za ukumbi ule ziliongezeka urefu. Nimemaliza, umeona picha, umeona joho. Nilidhani shahada itakuja na usingizi ndani yake. Sasa nina dawati langu North York, nasaidia familia zilizofika karibuni, na shida zao narudi nazo nyumbani.

Wiki iliyopita uliniuliza kwenye simu kama nisingekuwa na nafuu kubaki na kazi yangu ya kuhudumia wazee. Simu ikakatika, nami sikupiga tena.

Leo amekuja mama mmoja wa Bukavu, anasafisha maofisi. Anataka kurudi shule. “Dada,” akaniuliza, “mtu wa miaka hamsini anaweza?”

Nilitaka kumweleza yote: macho, magoti, safu ya mbele ambako huna wa kukaa naye. Nikasema tu, “Utachoka sana.”

Akanitazama kana kwamba sijamwelewa.

“Kwani sasa hivi niko napumzika?”

Nikavuta kiti chake karibu na dawati, tukaanza kumtafutia chuo.

Jumapili nitalala mpaka adhuhuri. Nipigie baada ya hapo, mwanangu, nami nitapokea.

Aliyekuzaa, akasoma nawe,
Mama