Namba ya Damu ya Baba

S.L.P. 17,
Mikindani, Mtwara.
10 Mei, 1971

Mpendwa mdogo wangu Hamisi,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itawakuta wazima huko Tanga, wewe, wifi Saumu na watoto. Je, kifua cha yule mdogo kimepoa? Sisi huku miili mizima, alhamdulillahi. Mama yumo edani, anakula kidogo kidogo.

Telegramu ya msiba ulishaipata. Baba alifariki alfajiri ya Jumapili, tukamzika baada ya adhuhuri. Watu walijaa. Mimi nilipika, nikaosha masufuria, na mpaka leo, wiki mbili, sijalia. Naswali, naitikia dua, kama mtu anayesikiliza habari za nyumba ya jirani.

Ninalotaka kukwambia ni juu ya ile telegramu ya kwanza, DAMU IMEPANDA BABA APATA NAFUU USIJE. Niliiandika mimi.

Baba alipolazwa Mtwara, mkojo ulikuwa haupiti siku ya tatu. Kila asubuhi wakimtoa damu, na mpimaji, Bwana Paulo, mtu wa bara anayekaa Magomeni ya hapo Mtwara, akinitajia namba kwenye dirisha la maabara. Jumatatu tisini na tano. Jumatano mia na arobaini. Ijumaa mia mbili na kumi.

Hamisi, mimi damu ninayoijua ni ya kliniki. Nilipokuwa na mimba ya Zuhura ilikuwa hamsini, wakanipa vidonge, ikafika sabini, nesi akanisifu. Basi nikaona ya baba inapanda vizuri. Shemeji yako Abdallah akasema, "Mzee huyu sasa ana damu ya kuwagawia wajawazito wote wa Mikindani." Tukacheka. Nikapika wali wa nazi, tukaita watoto wa chuoni wasome dua ya shukrani. Bwana Paulo nilimpelekea sahani yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama.

Siku hiyo hiyo ukatuarifu kwamba umepata ruhusa kazini na tikiti ya ndege ya kesho yake. Nikaenda posta mbio nikuzuie, usipoteze ruhusa yako bure.

Jumamosi jioni daktari akaniita. Kumbe hawakuwa wakipima wingi wa damu. Walikuwa wakipima uchafu ambao figo zimeshindwa kuutoa, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mgonjwa anavyokwenda. Posta ilikuwa imeshafungwa. Nikamuuliza, tungelijua mapema angelipona? Akasema, "Hapana, mama. Chombo cha kusafisha damu huku hatuna. Namba ile ilikuwa ya kuwaambia muwaite watoto wake."

Nilirudi nikakaa kitandani kwa baba. Alikuwa amelala, hakuamka tena.

Sasa lililonikaa kooni ni hili. Msibani wanawake waliuliza, Hamisi yuko wapi? Mama akajibu, "Tanga imemmeza mwanangu. Kazi ni bora kuliko babake." Mimi nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina. Tangu siku ile analisema kila akija mgeni, nami nanyamaza. Ngoja niiweke kalamu niende kwake, nisije nikaitia barua hii posta na yeye hajui.

Nimerudi. Nimemwambia yote, hata habari ya wali. Akauliza, "Tikiti alikuwa nayo mkononi?" Nikamwambia alikuwa nayo. Akasema, "Basi alikuwa anakuja." Akaomba chai, akainywa yote.

Amesema uje arobaini, tarehe nne Juni. Nami nakuomba radhi, mdogo wangu. Ukiwa na hasira, njoo nayo, tutakaa nayo hapa nyumbani.

Abdallah na Zuhura wanakusalimu, mama pia. Nisalimie wifi Saumu na watoto mmoja mmoja. Mwenyezi Mungu amrehemu baba, na wewe akufikishe salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwaisha binti Isihaka