Nilivyowajengea Konokono Nyumba za Mawe

Kitengela,
Machi 1998

Kwako Mama Kageha,

Mirembe nyingi, amani tele, kutoka huku kwenye upepo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Kageha na wadogo zake, na Mama pia na yale magoti yake. Je, ameacha kuyakanda kwa mafuta ya taa kama daktari alivyomwambia, au bado anamwona daktari ni mtoto tu? Mimi niko salama. Kifua kilinisumbua kidogo kwa sababu ya baridi ya mvua hii, lakini sasa kimeachilia, na kazi ya mawe inaendelea. Yule tajiri tunayemjengea kando ya barabara ya Namanga ameamua kuongeza vyumba, kwa hiyo sina wasiwasi wa kukaa bure.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea pale ilipokunjwa. Niliposoma mahali ulipoandika kwamba huwezi kuhamisha watoto uwalete nchi ambayo mboga hununuliwa kwa fungu kama dawa, niliumia, sitakuficha. Ukasema siku nitakayokula mboga iliyotoka mkononi mwangu nikuandikie, ndipo tuzungumze habari ya kuhama. Na hayo maneno mengine ya "nchi ya vumbi na mifupa ya ng'ombe" najua si yako. Hayo ni ya shemeji yangu Enosi, ndugu yako, aliyekuwa amekaa hapo karibu ukiandika. Basi mwite aje asikilize vizuri, kwa maana leo ninaandika habari ya mboga.

Nilikuambia kwamba nimepanga chumba upande huu wa Kisaju, kwa Mama Semeyian, mama wa Kimaasai anayeuza maziwa mjini. Nilipomwomba kipande cha ardhi nyuma ya chumba nipande mboga, alinitazama kwanza kama anayemtazama mgonjwa. "Unataka kulima majani?" akaniuliza. "Majani ni ya ng'ombe, Baba Kageha. Wewe kula ng'ombe." Lakini alinipa. Nikalima udongo huu mweusi ambao ukilowa unashika jembe na kukataa kuliachilia, na ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia. Nikauchanganya na samadi ya boma lake, ambayo iko tele na hakuna anayeitaka, nikapanda sukuma wiki, kunde na managu.

Cheka tu, umalize. Najua huko nyumbani sijawahi kushika mbegu ya mboga, kwa kuwa mwanamume wa kwetu akionekana anapalilia kunde, majirani huuliza kama mke wake amerudi kwao. Huku hakuna aliyeniuliza.

Sasa mimi ni fundi, na fundi hawezi kuacha kitu kikae hivi hivi. Vile vipande vya mawe vinavyobaki tukichonga niliviomba, nikavibeba kila jioni, nikalizungushia kila tuta ukuta mdogo, jiwe juu ya jiwe bila saruji, umenyooka kwa uzi. Watu waliokuwa wakipita walisimama kuangalia. Fundi mwenzangu mmoja alisema nimejenga makaburi ya kizungu, lakini nilijua ni wivu. Nilijiona sana.

Mvua hii ya Elinino ilipoanza kupiga bila kupumzika, mboga zilinenepa mpaka nikaanza kukutungia barua kichwani nikiwa kazini. Kisha asubuhi moja nikakuta majani yametobolewa kama chujio, na miche mingine imekatwa ikabaki kijiti. Juu ya udongo kulikuwa na njia zinazong'aa, kama mtu amepitisha ute wa yai. Nilipowahi kuamka kesho yake nikawaona wenyewe. Konokono, wakubwa kwa wadogo, wameketi juu ya sukuma yangu kama wageni walioalikwa. Nikatoa wale niliowaona, lakini jua lilipotoka wengine wote walikuwa wamepotea, na kesho yake wakarudi wengi zaidi. Niliwaza wanatoka kwenye nyasi za kule bondeni. Nilikasirika mpaka nikaanza kuwasemesha, na mtu mzima akianza kugombana na konokono ujue ameshikwa pabaya.

Nikakumbuka jinsi marehemu baba yako alivyokuwa akiwamwagia chumvi konokono wa kwenye migomba, wanatoa povu na kufa. Nikaenda mjini kwenye duka la dawa za mifugo, na hapo nikaona chumvi ya ng'ombe, ile ya mabonge, rahisi kuliko ya jikoni. Muuzaji akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia sina hata mmoja. Akanitazama, akanipimia. Jioni ile nikaimwaga kuzunguka matuta yote, sikubakisha mwanya, nikaenda kulala kama mtu aliyeweka askari mlangoni.

Kulipokucha nilisikia pumzi nzito nyuma ya chumba na kitu kama msasa unaopitishwa kwenye mbao. Nikatoka. Ua wa miiba niliouzungushia shamba ulikuwa umelala chini, na ng'ombe wa Mama Semeyian wamejaa shambani, vichwa chini, wanalamba udongo. Akichoka kulamba, ng'ombe anachukua sukuma kidogo, kisha anarudi kwenye chumvi. Nikapiga kelele, nikarusha mikono, hawakuinua hata sikio. Mboga ambazo hawakula walizikanyaga.

Mama Semeyian akaja na fimbo yake, na mimi nikamrukia kwa maneno kabla hajafika. Nikamwambia ng'ombe wake wamenimaliza. Aliinama, akachovya kidole kwenye udongo, akauonja. Kisha akacheka mpaka akakaa juu ya ukuta wangu wa mawe.

"Baba Kageha, hii ni chumvi ya ng'ombe."

"Najua. Niliweka ya konokono."

"Umepikia ng'ombe zangu mboga, umeweka na chumvi, alafu unakasirika wamekuja? Hata mimi nikiitwa hivyo, nakuja."

Mimi sikucheka, Mama Kageha. Machozi yalikuwa karibu. Nikajikuta namweleza habari ya barua yako, kwamba mke wangu amekataa kuleta watoto mpaka nile mboga niliyolima, na sasa mboga ndiyo hiyo tumboni mwa ng'ombe. Akaacha kucheka.

"Mama Kageha amesema hivyo?"

"Amesema."

"Basi hii si maneno ya majani. Ni maneno ya boma, ya mke na watoto." Akaokota jani lililotobolewa. "Hizo konokono zako, mchana zinalala wapi?"

Nikamwambia sijui, nadhani wanatoka bondeni.

"Simba akikula ng'ombe, sisi hatungoji hapo kwa ng'ombe. Tunatafuta mahali amelala. Na huyu wako anatembea pole hivi, ataweza kutoka bondeni na kurudi?"

Alikuwa bado amekaa juu ya ukuta wangu. Nikatazama ule ukuta. Nikamwomba asimame, nikainua jiwe alilokuwa amekalia. Chini yake, kwenye ubaridi, konokono walikuwa wamebanana kama viazi kwenye gunia, na kando yao mayai meupe kama punje za mtama. Nikainua la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu nilimshonea nguo mimi mwenyewe. Miezi yote hii nilikuwa nawajengea konokono vyumba vya mawe, vyenye kivuli, mlango unaofunguka jikoni, na kodi hawalipi. Katika mafundi wote wa Kitengela hakuna mwingine mwenye wapangaji wengi kama mimi.

Ilikuwa Jumapili, na Mungu anisamehe kwa kukosa kanisa. Nilibomoa kila ukuta. Niliuma meno, kwa sababu kazi ile ilikuwa nzuri na ilikuwa yangu. Konokono niliwatupa kwenye ndoo ya maji niliyotia chumvi iliyobaki, na hapo ndipo chumvi ile ilipofanya kazi iliyonunuliwa. Mama Semeyian hakugusa hata mmoja. Alisema hawezi kushika kitu kisicho na miguu. Lakini alisimama siku nzima akinionyesha kwa fimbo. "Huyo hapo. Huyo mwingine anakimbia." Udongo wenye chumvi niliukwangua, akaupeleka kwa ndama wake walambe. Mawe yale nimeyapanga mbali, kwenye jua, na nimeanza kuyajengea jiko la nje.

Nikaanza upya. Samadi mpya, miche mipya, ua wa miiba nikaufunga mara mbili. Safari hii matuta yako wazi, hayana pambo lolote, na nyasi za pembeni nimezifyeka mpaka udongo. Jivu la jikoni kwa Mama Semeyian nalimwaga kavu kuzunguka miche midogo. Na jioni nalaza gunia kuukuu lililolowa kando ya tuta. Konokono akimaliza matembezi yake anatafuta mahali pa ubaridi, anakuta hakuna nyumba tena isipokuwa lile gunia. Asubuhi kabla ya kazi nalifunua tu na kuwaokota. Sitakudanganya kwamba wameisha. Wapo, lakini sasa mimi ndiye ninayekula zaidi.

Ungeona majani, Mama Kageha. Jani moja la sukuma linafunika sahani. Mafundi wenzangu wanakula mboga yangu mchana, na yule aliyesema makaburi ya kizungu ndiye anayeongeza mara ya pili. Juzi Mama Semeyian alikuja na bakuli, akajifanya anapita, kisha akasema, "Nipe hiyo majani kidogo, mtoto anataka." Mtoto gani? Nilisikia baadaye kwamba ni mzee wake aliyeila yote, akasema haina ubaya, imekosa nyama tu.

Siku ya kwanza kuchuma, nilisonga ugali mapema, jua bado liko. Nikakaa mlangoni nikala kunde na sukuma zangu, taratibu, bila haraka. Nimejenga nyumba za watu wengi, nyingine za ghorofa, na nikipita karibu nazo moyo hufurahi kidogo. Lakini furaha kama ya sahani ile sijawahi kuionja. Nilijivuna peke yangu, nikaona haitoshi. Nilitaka uwe umekaa mbele yangu ukinitazama, hata kama ungesema chumvi imezidi.

Nisalimie Mama sana, umwambie mwanawe sasa analima. Msalimie babu mdogo, yule wa posho mill ya kusagia unga, na shangazi aliyetushonea nguo za harusi, na mchungaji, ingawa habari ya Jumapili ile usimsomee. Kageha mwambie nimefurahi kusikia amekuwa wa pili darasani, na huku kuna shule karibu na barabara ambayo nimekwisha kuiulizia. Na Enosi mpe salamu za pekee. Mwambie nchi ya mifupa ya ng'ombe inamkaribisha, aje na njaa.

Uliniambia nikila mboga ya mkono wangu nikuandikie. Nimekula, na nimekuandikia. Shule zikifunga mwezi ujao, funga nyumba, umwachie Mama ufunguo, mje. Chukua nguo za watoto za baridi, maana huku upepo hauna adabu, na blanketi lile zito, na sufuria moja kubwa. Najua hakuna mama wa kwetu anayepanda basi la Nairobi bila gunia la mboga, anaona aibu kufika mikono mitupu. Safari hii usione aibu. Wewe beba watoto, mboga uniachie mimi.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Baba Kageha