Kwa Dada Siti, Uliyetaka Kila Mtu Arudi Aseme

Mwaka umeshapita, Dada Siti, mkunga wetu wa Kariakoo, tangu tulipokubeba kukupitisha Mnazi Mmoja kwenda kukuzika, wanawake uliowazalisha wamejaa vibarazani wanalia, hata wauza samaki wakasahau kutangaza samaki wao.

Chumba chako bado kinanuka mafuta ya nazi uliyokuwa ukiwakandia wazazi. Sauti yako ndiyo haipo. Siku ile ulipomkaripia bwana mmoja aliyetaka mkewe arudi jikoni na mtoto hajatoka kitovu, garimoshi lilisimama. Msibishe, nilikuwamo natia kuni. Dereva aliniuliza, "Seifu, nani kapiga filimbi?" Nikamwambia, "Dada yangu huyo."

Basi Zeina, binti yako wa pekee, alipozaa mtoto wa pili, alitokwa na damu mpaka tukaanza kuulizia sanda. Akapona. Daktari wa hospitali akakwambia, "Huyu asizae tena. Akizaa atakufa."

Ukamwuliza, "Afanyeje basi, bwana daktari?"

"Mwambie mumewe." Akaenda zake.

Mumewe, Azzan, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alihamia dukani kwake, akalala juu ya magunia ya mchele, majirani wakimtania, "Azzan, umefukuzwa au unalinda panya?" Lakini wewe ulijua kwamba mume na mke wanaopendana hawatenganishwi na magunia milele. Ukaanza kutafuta dawa ya kuzuia mimba: iwe inazuia kweli, na isimdhuru mwanao.

Ulikwenda kwa Kishor, muuza dawa wa Uhindini, kuuliza habari za vile vidonge vya kwinini wanavyojiwekea ndani wake wa Wazungu wasishike mimba. "Vinazuia?"

"Bibi, mimi nauza tu. Mteja harudi kuniambia."

Ulifika nyumbani umefura. "Seifu, mtu anauza kitu hajui kama kinafanya kazi!"

Tangu siku hiyo kila mwanamke aliyekuja kwako kwa shauri hilo ulimpa sharti moja: arudi aseme. Akifurahi arudi, akikasirika arudi. Nao walirudi, maskini, wengine matumbo mbele. "Bi Siti, nimekuja kusema." Waliojiwekea limau liliwachoma. Kunyonyesha kuliwafaa baadhi, wengine kukawatupa. Uzi uliosomewa, wa kufunga kiunoni, ulikaa kiunoni vizuri kabisa, na mimba ikaingia.

Ule uzi ukamfunga paka. Akazaa. Watu wanasema wanne, mimi niliona kumi na mmoja, na wa mwisho alitoka na uzi wake kiunoni. Mwenye kuuza uzi akajitetea, "Paka hakutia nia!" Ulicheka mpaka ukakaa chini, kanga mdomoni.

Halafu ukaletewa mzizi mmoja wa kuchemsha na kunywa. Waliounywa walirudi wakausifu sana, ila mmoja alisema moyo ulimwenda mbio na macho yakaingia giza. Hukumpa Zeina. Ulisema utaunywa wewe kwanza.

Nikakwambia, "Dada, wewe damu ya mwezi imeshakoma. Utajuaje kama unazuia?"

"Kuzuia wameshaniambia wenzangu. Mimi nataka kujua kama unaua."

Ukaunywa. Juma lile lile mvua zilikuwa zimejaza Jangwani, homa imeenea, nawe ulikuwa umetoka kuzalisha huko, maji magotini. Ulilala, ukatetemeka, hukuinuka tena. Ni mzizi uliokuua au ni homa? Daktari hakujua. Sisi hatujui. Mzizi uliobaki uko juu ya kabati, umefungwa katika kipande cha kanga yako. Hakuna anayethubutu kuutumia, wala kuutupa.

Na sasa, dada, Zeina ana mimba.

Hakuna wa kumlaumu. Azzan amekonda, anapima mchele akisahau mteja anataka kiasi gani. Juzi Zeina alikuja kukaa barazani kwako. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akauliza, "Mama angeniambia nini?" Mimi, niliyekuwa na hadithi kwa kila jambo, sikupata hata ya uongo. Nikammenyea chungwa. Akalila lote ili anifurahishe.

Uliwataka wote warudi waseme, na wote walirudi. Ni wewe tu tunayekungoja.

Unakumbukwa na mdogo wako Seifu, mstaafu wa reli; binti yako Zeina na mumewe Azzan; wajukuu zako Ghanim na Nunu; na huyo aliye njiani, ambaye hatujui tumkaribishe vipi.

Hutatutoka moyoni siku zote za uhai wetu. Mungu akurehemu, dada, na Zeina atuachie.