Kapasita Kwenye Gari la Mpwa Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeona mtu mzima analia kwa sababu ya taa za gari. Si mtu baki — mpwa wangu, binti wa dada, mwenye sauti ambayo ikipita mtaani hata mbwa wanakaa chini wasikilize. Kaja gereji na gari lake la matangazo. Besi ikipiga — dup! — taa zinafifia, amplifaya inazima, sauti inakatika. Juzi katangaza mkutano wa wazazi. Watu wakasikia siku, mahali hawakusikia. Wazazi wamezunguka mji mzima kama waliopoteza mbuzi.

Jumamosi kuna mechi ya kufungua ligi. Katibu wa ligi atamsikiliza yeye, na atamsikiliza yule jamaa wanayemwita Mdomo wa Bati. Atakayempendeza atatangaza msimu mzima. "Mjomba," kaniambia, "nikikatika hata mara moja, basi tena. Narudi kukaa nyumbani na mama."

Nikamwambia, mwanangu, umefika kwa mwenyewe. Nikamhadithia gari nililofunga muziki zamani, besi ilipopiga kuku wa jirani wakataga kabla ya wakati wao. Kacheka, machozi bado yako shavuni. Na ni kweli! Au karibu na kweli.

Dawa naijua. Kapasita!

Jumanne, 5 Machi

Aliyebuni kapasita hakukesha bure. Ukiitazama ni kopo tu, kama la maziwa ya unga, linang'aa, kichwani lina namba nyekundu zinazoonyesha nguvu ya umeme. Lakini kazi yake! Nimemweleza mpwa hivi: betri ni kisima, kiko mbali, kule mbele chini ya boneti. Besi ni mgeni wa ghafla mwenye kiu, hawezi kungoja mtu aende kisimani. Sasa kapasita ni mtungi, umewekwa mlangoni, karibu kabisa na amplifaya. Mgeni akibisha — kata moja, kanywa, na mtungi umeshajazwa kabla hajabisha tena. Taa hazina habari.

Mpwa akasema, "Mjomba, ungekuwa mwalimu." Niliwahi kutakiwa, nikakataa. (Sikutakiwa. Lakini ningekataa.)

Jirani yangu fundi betri alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Huyu mtu haombwi ushauri, anaumwaga tu. Kasema kopo hilo ni pambo, kama hereni. Nikamwuliza, hereni inazuia taa zisizime? Kasema, "Mtungi hauzai maji, chifu. Hilo gari limezeeka. Angalia alteneta kwanza, ndiyo inayorudisha umeme kwenye betri."

Wivu! Anauza betri, unategemea asemeje?

Jumatano, 6 Machi

Kapasita imefika. Nimeiweka mezani nimeitazama wakati wote wa chakula. Mke wangu kauliza ni nani ahamie sebuleni, yeye au kopo.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kuandikwa!

Kapasita tupu ina njaa mbaya. Ukiiunga moja kwa moja inaurukia umeme, cheche kama za mchomeleaji. Kwa hiyo kwanza unapitisha umeme kwenye balbu ndogo ya indiketa. Balbu inawaka kwa nguvu zote — halafu inapungua, taratibu, taratibu, inakuwa uzi mwekundu, inazima.

"Imeungua, mjomba?"

"Haijaungua. Mwenzake ameshiba."

Miaka yote hii kwenye kazi, na bado kule kuzima kwa balbu kunaninyamazisha. Mimi! Watu wanaonijua wasingeamini.

Halafu, nikitaka kumwonyesha fundi betri kwamba ndani ya kopo kweli kuna kitu, nikagusisha spana kwenye nguzo zote mbili. PA! Chai ikamwagika, mtu yuko barabarani. Spana yangu sasa ina pengo kama la mtoto anayeng'oa meno. Sijali. Sitaitupa. Upumbavu wenyewe nimeuona, lakini heshima imepatikana.

Tukaijaza upya, tukatoka kujaribu. Mpwa anaendesha, mimi nimekaa nyuma na spika, boksi la besi limeniegemea kifuani. Tumezunguka mtaa wote, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Taa — imara! Namba — kumi na nne, zimesimama kama askari. Na sauti ya yule mtoto ikipanda juu ya ngoma, safi, kila neno na mkia wake. Nimezoea kusifu mikono yangu. Leo nimemsahau fundi, nimemsikiliza mtangazaji.

Tuliporudi fundi betri akasema, jaribuni na likiwa limesimama. Nikamwambia gari la matangazo linatembea, bwana! Likisimama ni duka.

Ijumaa, 8 Machi

Dada kaja. Kakaa kwenye tairi, hakutaka kiti. Kasema, "Kaka, huyu mtoto ameweka moyo wake wote kesho. Usimpe hadithi." Nikamwambia nimempa kapasita. Akasema kwako vyote hukaa kopo moja.

Kaniuma kidogo.

Baadaye kwa kinyozi nikakutana na katibu wa ligi mwenyewe, kichwa nusu kimenyolewa, hana pa kukimbilia. Nikamweleza mambo ya kapasita. Nikasema ukitaka hata betri unaing'oa, muziki unaendelea. Chumvi ilizidi, najua. Lakini macho yake! Kinyozi alisimamisha mashine. Katibu kasema kesho lazima aione kazi hiyo, na aliyeifanya.

Mpwa naye ameshaipata hiyo hadithi ya betri. Anaieneza kama mbegu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa kwenye kiti cha dereva, uwanjani, mapumziko ya mechi. Daftari liko goti la kushoto. Mguu wa kulia una kazi yake.

Mdomo wa Bati alitangulia kabla ya mechi. Spika zake zilipiga mluzi mpaka mwamuzi akasimama akadhani ni mwenzake. Nikasema moyoni, kazi imekwisha. Akaingia mpwa. Loo! Majina ya wachezaji aliyaita kama anawakabidhi zawadi. Ngoma dup, taa imara. Ngoma dup, imara. Nilikuwa nimeegemea mlango, kifua mbele.

Halafu nikatazama namba. Kumi na tatu. Anaongea, muziki chini yake, gari limesimama, injini inapumua tu. Kumi na mbili. Kumi na moja na kitu. Taa ikatikisika — na neno lake moja likapungua mwishoni, kidogo, nadhani ni mimi tu niliyesikia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Juzi tulikuwa tunatembea, injini inakimbia, alteneta inatoa. Hapa gari limesimama. Kapasita inatoa kwa kila pigo, haijakosa hata moja, Mungu aibariki — lakini kisima nyuma yake kinakauka. Nikaruka ndani. Gia huru, eksileta chini. Namba zikapanda! Nikaachia — zikashuka. Nikakanyaga tena. Toka hapo sijaachia.

Ng'ambo ya uwanja namwona fundi betri. Haangalii mpira, anaangalia moshi wa ekzosi yangu. Anatabasamu. Nimpungie mkono aje anishikie pedali? Hapana, na hata nikimwita hatasikia.

Katibu wa ligi yuko mbele ya boneti, anatikisa kichwa kwa ule ukubali wa watu wakubwa. Kamnong'oneza mpwa kitu. Mpwa kashika maiki: "Wananchi, kabla timu hazijarudi, aliyefunga mitambo hii ni mjomba wangu! Mjomba, shuka tukuone! Uje utueleze kapasita!"

Uwanja mzima unapiga makofi. Kuna mtu kapuliza vuvuzela. Maisha yangu yote nimesubiri watu wengi namna hii, na stori nimeshaipanga, ya kuku, ya spana, ya betri kung'olewa.

Mpwa kaja dirishani, maiki kaificha nyuma. "Mjomba, shuka basi. Wanakungoja."

"Waambie mjomba ana haya."

"Wewe? Haya?"

"Nenda ukaongee, mwanangu. Ongea tu, usiache."

Kanitazama. Katazama chini kwenye miguu yangu, sijui kaona nini. Karudi kwenye maiki, na sauti haikatiki, haikatiki, na katibu anakuja upande wangu wa mlango, mkono kashaunyosha kunisalimia —