Treni Niliyoipeleka Senti Joji

Ijumaa, baada ya magharibi. Manyunyu tangu alfajiri.

Kuanzia Handeni mpaka Korogwe, ukimwondoa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na ramani yake ya ukutani, hakuna mtu anayeijua dunia kunizidi mimi Mbwana. Na Bwana Shauri mwenyewe, umnyang'anye ile ramani, tutakuwa sawasawa.

Naandika haya nikiwa nimeketi mgahawani kwangu, ng'ambo ya stesheni. Wateja wameondoka, sakafu imejaa tope la miguu yao, jiko linapoa. Moyo umetulia. Siku tatu haukutulia hivi, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, maana nisipoliandika leo, kesho nitakuwa nimeshalisimulia kwa namna nyingine. Najijua.

Watu huja kwangu kwa chai na maandazi, lakini wanaokaa mpaka jioni wamekaa kwa ajili ya Senti Joji.

Senti Joji ni mji mkuu wa kisiwa kinachoitwa Grenada, kule Bahari ya Karibi, mbali magharibi, ukiivuka Afrika yote na bahari yote iliyo nyuma yake. Kisiwa ni kidogo; urefu wake haufiki mwendo wa kutoka Korogwe kwenda Handeni. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima vinavyolizunguka gati, na gati limepinda kama mundu. Juu ya kilima kuna ngome. Wafaransa ndio walioanza kuujenga mji, Waingereza wakauchukua, Wafaransa wakaurudisha, Waingereza wakauchukua tena. Bendera ilishuka na kupanda kama ndoo ya kisimani, na waliokuwa wakibeba mizigo chini hawakuulizwa hata siku moja wanaitaka ipi.

Waliobeba mizigo ni watu wetu. Wazee wao walitolewa Afrika kwa minyororo na kuuzwa huko kulima miwa. Uhuru ulipowafikia, wajukuu wakabaki, na mji ukawa wao kwa jasho ingawa kwa karatasi ulikuwa wa wengine. Hapo wateja wangu, wakata mkonge watupu, huinamisha vichwa. Huzungusha vikombe tu.

Halafu nawainua. Nawaambia mji uliwahi kuungua, ukajengwa, ukaungua tena, mpaka serikali ikakataza nyumba za mbao, ikataka mawe na vigae. Vigae vyekundu vilitoka Ulaya chini kabisa ya meli, kuipa meli uzito isipinduke, kisha meli ikarudi na sukari. Kwa hiyo watu wa Senti Joji wamelala chini ya kitu ambacho kwa mwenye meli kilikuwa kama mawe ya kuzuia turubai. Nawaambia barabara zake zilivyo na mwinamo: mtu akidondosha chungwa kanisani, mkewe hulidaka gatini, akajua mume yuko njiani, aanze kusonga ugali. Nawaambia walivyochoka kukipanda kilima, wakakitoboa tumboni, watu na mikokoteni wakapita ndani. Na sokoni kunanukia kungumanga mpaka mwizi anatubu.

Hayo yote ni kweli. Isipokuwa chungwa. Na mwizi.

Nimeyatoa wapi? Wakati wa vita vikuu vya pili nilikuwa Misri, kikosi cha Payonia, kazi yetu mabega na sepetu. Jirani na kambi yetu walikaa askari weusi wa visiwa vya Karibi, wakilinda mateka. Mmoja wao akiitwa Kasimiri, mwana wa fundi wa kupaka mashua lami pale gatini Senti Joji. Tulimenya viazi pamoja miezi mingi. Kiingereza changu ni cha darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, lakini viazi havina haraka. Alinipitisha mji wake kichochoro kwa kichochoro. Nilijua nyumba ya mama yake ina ngazi ngapi zilizovunjika. Niliporudi huku na watu wakaniuliza nilifika wapi, ulimi ulitangulia, ukasema Senti Joji.

Mtu mwingine hukaa mahali kwa miguu, mwingine kwa masikio.

Sasa, Jumatatu dada yangu Mwajuma alikuja kutoka Kwaluguru. Jumapili hii wakwe kutoka Mnyuzi wanakuja kumposa binti yake, Zaina. Kwetu Wazigua baba anaweza kuwa na ng'ombe na kilemba, lakini mjomba asipofungua kinywa, posa haijajibiwa. Mjomba ni mimi. Sina mtoto wangu. Zaina nilimfundisha kutembea juu ya sakafu hii hii. Maneno ya siku hiyo nimeyaandaa tangu alipoota meno.

Jumanne asubuhi akaingia Mayunga. Huyu ni Mnyamwezi, mkata mkonge wa siku nyingi, na ni mtani wangu. Asiyejua utani ajue hivi: Mzigua na Mnyamwezi wanaruhusiwa kutukanana hadharani, kunyang'anyana kofia, hata kuzuia maiti ya mwenzako isitoke mpaka wafiwa watoe kitu. Kosa ni moja tu. Kukasirika.

Alikaa, akapiga meza, akaniamkia kwa salamu ya kwao.

"Mwangaluka, mfalme wa Senti Joji! Leta chai, halafu kavae viatu. Ndugu yako amekuja."

"Ndugu yangu yupi?"

"Yuko nyumba ya wageni ya reli. Fundi wa madaraja, mweusi kuliko wewe, amekuja kutazama daraja baada ya mvua. Nimembebea sanduku. Nikamuuliza kwao. Akasema Grenada." Akawageukia watu. "Jamani, nimemwambia yupo Mzigua hapa alikaa kwenu! Yeye mwenyewe hakuamini. Nami simlaumu, maana safari ndefu ya Mzigua huyu ilikuwa Mnyuzi, na alirudi tumbo linamwendesha."

Watu wakaangua kicheko. Siku nyingine ningemjibu kwamba Wanyamwezi walitembea hadi pwani na pembe za ndovu kichwani kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia ya kurudi. Maneno hayakuja. Kilichokuja ni mkono. Nilikivuta kikombe mbele yake, chai ikamwagika, nikamwambia atoke na asirudi.

Nilimkasirikia mtani.

Mayunga alinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akaokota kofia yake, akatoka bila neno, na Mnyamwezi akiondoka bila neno ujue umemuumiza.

Dada yangu alikuwa jikoni, ameona yote. Alifuta meza polepole.

"Mbwana mdogo wangu," akasema, "mtu hamkasirikii mtani mpaka aguswe penye kidonda. Mimi sikuulizi kidonda ni nini. Nakuambia hivi: wakwe wa Mnyuzi wanasikia kila kinachosemwa stesheni hii. Huyo mgeni akikuumbua, Jumapili utakaa nyuma ule pilau, na Zaina atasemewa na binamu yetu wa Handeni. Sitaki jibu la mwanangu litoke kinywa kinachochekwa."

Binamu wa Handeni! Mtu anayesema "kwa hiyo" mara tatu kabla ya kusema jambo lenyewe.

Jumatano nilijisikia homa. Jana nilifikiria kwenda hospitali ya Lutindi kumtembelea mgonjwa, ila sikuwa na mgonjwa Lutindi. Nilikaa. Kukimbia kungekuwa jibu.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nikawaona wanakuja na matope: fundi wa madaraja mbele, kofia mkononi, na kando yake Mayunga amemshikia mwavuli. Mayunga nilishamkataza kuingia, naye akasimama mlangoni hasa, nje ya kizingiti, manyunyu yanamlowesha bega. Mgahawa ulijaa mpaka watu wakakalia magunia.

Mgeni anaitwa Bwana Fransisi. Ni wa makamo kama mimi, sauti ya chini, Kiswahili cha kuokoteza. Alinipa mkono, akasema, "Mimi toka mji ule kijana. Miaka mingi. Mama amekufa nyuma yangu. Tafadhali, sema."

Nilitarajia jaji. Aliyekuja ni mtu mwenye njaa.

Basi nikasema. Nilianzia gatini, penye harufu ya lami, mashua zimelazwa ubavu zikikwanguliwa. Nikapanda mlima pole pole, kushoto ngome, kulia kanisa na saa yake. Nikapita vigae. Nikapita sokoni, wanawake wa kungumanga na kakao, nikasema pale uwanjani waliwahi kuuzwa watu kabla ya kuuzwa ndizi. Bwana Fransisi alikuwa ameacha kunitazama. Alikuwa amefumba macho na kidole chake kinatembea juu ya meza yangu, kinapinda nilipopinda. Dada yangu alisimama mlango wa jikoni na mwiko.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mtu akisikilizwa hivyo hulewa. Nilipofika kwenye tundu la kilima, nikasema nilivyozoea kuwaambia watu wa hapa: treni ikaingia upande huu ikipiga honi, ikatokea upande wa gati na mabehewa yake yote.

Kidole kikasimama. Akafumbua macho.

"Treni?"

Nikageukia birika la chai.

"Grenada hakuna treni," akasema, kwa upole, kama daktari. "Hakuna reli. Hakuna kabisa."

Nilisikia matone ya paa yakidondoka ndani ya pipa. Sikumtazama dada yangu. Akilini nilimwona Zaina amekaa Jumapili na binamu anasema "kwa hiyo".

"Treni ni yangu!"

Ni Mayunga. Alikuwa bado nje ya kizingiti.

"Bwana Fransisi, mlaumu mimi. Huyu Mzigua alitupa mji mzima bila reli, nikamwambia, wewe, hapa Korogwe, nani atakunywa chai kwa mji usio na treni? Nikamlazimisha aitie. Hata behewa la tatu nilipanda mimi, bila tiketi! Mzigua hana akili ya kubuni treni. Mnamjua. Angebuni punda."

Mgahawa ulipasuka. Bwana Fransisi alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akashika ubavu, akasema hata mamake angeipenda hiyo treni, maana alichukia kutembea ndani ya tundu lile, giza lilikuwa linamdondokea shingoni.

Alipotulia akaniuliza nani alinionyesha mji. Nikamtaja Kasimiri, mwana wa fundi wa lami. Hakumjua, ila wapaka lami aliwajua. Hakuuliza zaidi, na katika vicheko vile hapakuwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya kuuliza kama nilifika kwa miguu yangu.

Uongo wa treni haukuwahi kuwa wa Mayunga hata siku moja. Mtani hukuvua nguo mbele ya watu wako, lakini akiona mgeni anakuja, husimama mlangoni akakuziba. Mtani ndiye anayekuzika. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Nikaenda mpaka kizingitini, nikamshika mkono nikamwingiza. Anayemkasirikia mtani hulipa kuku. Nikamwambia achague bandani. Akasema anataka jogoo, na mchuzi utiwe kungumanga kama kule kwa treni yake.

"Hasa!" wakasema watu. "Mbwana, mwonyeshe mgeni ile kungumanga!"

Ninayo, au nilikuwa nayo, kungumanga ndani ya kikopo cha tumbaku. Kila mteja wangu amewahi kuinusa. Ndiyo ushahidi. Bwana Fransisi aliishika kama yai. Akatoa kisu kidogo, akaikwangua, akaileta puani, akakaa hivyo.

"Nyumbani," akasema.

Kisha akaniomba, kama ningeweza kumwachia. Nikamwachia. Watu waliguna kwa heshima. Mzee mmoja akasema huo ndio uungwana. Bwana Fransisi aliifunga ndani ya leso, akaitia mfuko wa juu wa koti upande wa moyo, akaenda zake na manyunyu yale. Kesho anaondoka na gari moshi la Tanga.

Dada yangu amelala chumba cha nyuma sasa. Kabla ya kwenda alisema, bila kunitazama, "Jumapili utamsemea Zaina wewe. Ila treni iache stesheni."

Nimeahidi. Nitasema maneno machache, ya kweli, na nitamkalisha Mayunga karibu yangu anikanyage mguu nikizidisha.

Nafsi yangu inaniuliza jambo moja tu, nami nalijibu hapa kisha nazima taa. Kungumanga ile niliinunua duka la Mhindi, hapa hapa Korogwe, nyuma ya stesheni. Ya Kasimiri, aliyonipa kwa mkono wake siku tunaagana, ilinitoka mfuko wa shati ikaangukia majini tukiwa safarini kurudi, wakati nimeinama ubavuni mwa meli natapika, mimi huyu mjua dunia. Na bahari, siku ile, ilikuwa shwari.