Ncha ya Pili ya Uzi

Mwesiga, usigeuze macho tena kama ulivyofanya asubuhi.

Ndizi ziko kwenye sufuria, nimezifunika kwa majani. ~~Nimekwenda Kagoma kwa mama, nitarudi Jumapili.~~

Nilikuuliza ubao wetu wa kuteleza mawimbini tuuchonge kwa bonge lipi la foamu. Ukasema, "Lolote, dada," macho kwenye simu. Siyo lolote. Lile lililopinda mbele kama mtumbwi litasukuma maji, na mawimbi ya hapa Bukoba ni dhaifu, litakwama. Nimechagua lililonyooka. Wewe ndiye uliyetaka kutembea juu ya ubao mpaka usimame puani, kwenye ncha yake ya mbele; hilo litakubeba. Nyuma nitalipinda kidogo, mkia uzame utulie.

Lakini uzi wa kupimia mpindo hushikwa na watu wawili. Ncha ya pili nimeifunga kwenye kiti, na kiti kimesogea mara tatu. Hata jiko, lilipobomoka kwa tetemeko, ulisema tutalijenga sote. Matofali niliyabeba peke yangu. Sijasahau.

Habari ya Kagoma nimeikata, unaona mwenyewe. Niko uani, msumeno nimeuweka chini. Acha simu hapo mezani, toka sasa hivi uje ushike uzi, waitu, wa kwetu.

Dada yako