Mafaili Mawili ya Mama Precious

Jumamosi, 11 Januari 2025
Humphrey, naibu wangu, kaja na laptop. Anataka mafaili yote ya umoja wetu wa Watanzania hapa Houston yaingie kwenye database. Mtu mmoja, rekodi moja. Ukibadilisha namba mara moja, imebadilika kote. Nikamwambia miaka kumi na minne ya ukatibu, kabati langu halijawahi kuniomba password. Akacheka: mama, droo ya M imejaa kina Mama tupu. Sasa nimwandike mtu mzima jina lake kavu? Kompyuta haina adabu. Nimekataa.

Jumapili, 16 Machi
Mama Precious kanipa namba mpya ya bintiye Precious, anayeishi Cedar Hill, saa nne kwa gari kutoka hapa. Nimeiandika kwenye faili lake. Ana na faili jingine, la kwaya ya umoja, lenye jina lake mwenyewe, Prudensia; hilo bado. Nimechoka. Kesho.

Alhamisi, 12 Juni
Mama Precious alianguka kazini juzi. Stroke. Hospitali walikuta kadi ya umoja yenye namba ya Humphrey kwenye pochi yake, wakampigia, wakamtajia Prudensia. Akafungua kabati, akalikuta — faili la kwaya. Namba ya zamani! Kapiga siku mbili, haipatikani. Angejuaje kwamba kuna faili jingine? Mimi nilikuwa na shift mfululizo, meseji zake nimezisoma leo jioni. Nimempigia Precious kwa namba mpya. Kapokea hapo hapo. Yuko njiani.

Ijumaa, 13 Juni
Hakumkuta. Mama Precious kafariki jana usiku, bintiye akiwa ndiyo kwanza anapita Huntsville, bado saa nzima kufika. Nesi anasema mpaka Jumatano alikuwa anaongea, anamuulizia bintiye.
Najuta.

Jumamosi, 14 Juni
Msibani, Sharpstown, nyumbani kwa marehemu. Nimejificha jikoni na daftari hili.
Precious kamuuliza Humphrey: kwani namba yangu mpya hamkuwa nayo? Humphrey akanitazama. Akamjibu, hatukuwa nayo, dada. Kanisitiri — na mimi nikanyamaza, mtu mzima na mvi zangu!
Basi Precious akanishika mikono. Kanishukuru nilivyohangaika kumtafuta. Anasema kosa ni lake, alibadilisha namba bila kutuambia, mama yake kafa peke yake kwa uzembe wake. Analia, anajilaumu yeye. Na ile namba iko kabatini, kwa mwandiko wangu, na tarehe nimeweka.
Huyo Precious anaingia. Kavuta kiti. Ananiuliza, mama, unaandika nini —